Batoto Munane ya Batasema

Dilala, Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Kwako Wivine, mutoto wa yaya yangu,

Hii barua inatoka mu mukono ya Tata Mudogo wako Tshilombo, mudogo ya marehemu baba yako, hakuna mutu aliyenishika kidole. Nilisoma tu mpaka mwaka wa tano, lakini siku nilitoka mwalimu alilia, alisema asema kalasi inabakia giza. Ninaandika juu simu ya Kasaji inakula maneno: ninasema kumi, mama yako anasikia tatu. Mama Mbelu anarudia kwenu kuchukua maharagi, ataibeba.

Huku baridi imeingia. Asubui moshi ya majani inalala chini sawa blanketi, na vumbi ya makamio ya mugodi inapita juu yake, nyekundu, pole pole, hata hujui kama muji umeamuka ao bado. Imbwa yako Batasema analala pa ukuta fasi jua inagusa. Miguu yake inakimbia, macho yamefungwa. Nadhani anakimbilia train yenu. Tangu ile siku convoyeur wa train alikataza imbwa kupanda, na mukaniachia kamba mu mukono, niliapa: huyu sasa ni mutoto wa Tshilombo. Na Tshilombo hajapata kupoteza kitu. Siku moja ku Nzilo nilipoteza shoka mu mayi ya barrage, ile bwawa ya umeme. Nilikaa pa kingo, nikaitazama ile mayi bila kufunga jicho, saa tatu. Mayi ilipata haya, ikarudisha shoka, na samaki mbili juu yake.

Kuna tu kitu kidogo. Siku ya tano Batasema alipata kidonda. Damu kidogo, ku fasi ya nyuma. Labda waya ya ukuta. Usiogope, niliosha na mayi ya chumvi. Na uone heshima ya hii imbwa: ba-imbwa saba ya Dilala balikuya kumupa pole. Balilala mbele ya mulango ya lupangu, uwanja wa nyumba, sawa batu pa kilio, hakuna aliyebweka. Hata Katapila, ile ya jirani, yenye shingo sawa tairi ya kamio. Nilifungua kidogo waingize kichwa, nikafunga.

Salimia mama yako Mado.

Tata Mudogo wako,
TSHILOMBO, miaka kumi na ine chini ya bulongo mu mugodi (botini zangu ziko pa mulango, mugeni yeyote anaweza kuziangalia)


Kasaji, tarehe 16 mwezi wa sita

Tata Mudogo,

Tunakusalimia na heshima yote. Barua ilifika inanuka unga. Nilimusomea mama, na pale pa kidonda alijifunika kinywa na kitenge, mabega yake yakacheka.

Tata Mudogo, we ni baba yangu, na mi ni mutoto mwanamuke. Hakuna kinywa kati yetu ya kusemea ile maneno. Naomba umupe muke wako, Tantine Adolphine, barua, yeye asome kuanzia hapa.

Tantine wangu, ile hapana kidonda. Batasema amekuwa mukubwa. Ba-imbwa saba hawakukuya kumupa pole. Naomba umuambieko Tata Mudogo aache chumvi, asifungue mulango hata kidogo, wiki tatu nzima, na akimutembeza, kamba mu mukono. Damu ikipunguka njo hatari inaanza, hapana kuisha. Huku kuna munganga wa ngombe, nilimuuliza. Alisema imbwa ya miezi kumi bado mutoto mwenyewe, mifupa haijamaliza. Na kama dume ni munene kumupita, batoto wanaweza kukwama ndani na kumuua.

Tantine, unajua vile Batasema alikuya. Baba alikuwa anakohoa tayari, njo akanunua imbwa ya kulala mu kiganja. Majirani balisema: mugonjwa anatafuta imbwa, anaacha kutafuta dawa. Akaiita Batasema, wapate jibu kila mara anaita imbwa kula. Siku ya kugawa bitu yake, mi na mama tulikuwa tumefungiwa mu chumba, vile desturi inataka. Tulisikia tu miguu. Redio ilienda, koti ilienda, kiti, botini ya kazi, hatujui mukono gani ulichukua nini. Imbwa ilibakia juu hakuna mutu aliitaka. Ni yeye tu njo niko naye.

Nisamehe kwa maneno mingi.
Wivine Mujinga


Dilala, tarehe 30 mwezi wa sita

Kwako Wivine,

Nilimupa Tantine wako barua asome kuanzia pale. Alikuwa anakoboa muhogo, mikono ilikuwa na kazi, basi nilimushikia karatasi mbele ya macho, na jicho yangu ikaanguka mule. Tusizungumuze tena juu yake. Ninajua byote hivi tangu zamani, nilikuwa ninakupima tu kama unasoma muzuri ku masomo.

Mulango umefungwa. Niliufunga na cheni ya treuil ya mugodi, ile inainua tani kumi. Mi mwenyewe ninalala mchana kutwa mbele yake na mukuki, jicho moja wazi. Katapila alipita, akaniona, sasa anapitia ku barabara ya nyuma na anatembea sawa katekista. Damu imeisha. Batasema anakula bukari ya mahindi sawa mufanyakazi.

Ulale muzuri.
TSHILOMBO, mutu wa chini ya bulongo


(karatasi kidogo, imekunjwa mara ine, mu bahasha ile ile)

Wivine mama,

Usimuambie kama nilitia hii. Cheni ni ya kweli, lakini ilikuya nyuma ya kitu. Siku ya posho, jumamosi ile ya tarehe kumi na tano, mbele barua yako ifike, mi nilienda ku maombi. Yeye alienda kwa jirani kusumulia ile ya shoka. Mulango ulibakia wazi. Niliporudi Katapila alikuwa mu lupangu, anakunywa mayi ya Batasema mu sahani yake, pole pole, sawa mukwe aliyekaribishwa. Batasema alikuwa amekaa pa beseni, anatazama ukuta. Mi sikuona kitu, Tata Mudogo wako hakuona kitu. Mungu njo aliona, na Katapila.

Adolphine


Kasaji, tarehe 7 mwezi wa saba

Tata Mudogo,

Sikupata usingizi muzuri. Sisemi nani aliniambia nini. Nasema tu: kama mulango ulikuwa wazi siku moja, hata saa moja, tuhesabu sawa imeingia, mpaka tujue haikuingia.

Munganga wa ngombe alinichorea mu bulongo na kijiti. Imbwa inabeba mimba juma tisa. Kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa sita, inaangukia tarehe 17 ya mwezi wa munane. Sasa bado ni mapema. Nyuma ya mwezi moja daktari anaweza kuona ndani na mashini, hata mbele tumbo haijapanda. Na kama mimba iko, na iko mapema, anaweza kumupasua aondoe byote. Ukingoja sana hakuna tena njia, ni kuomba tu. Kwenu kuna daktari wa ba-imbwa ya ulinzi ya makampuni, mama Mbelu alisema asema siku ya posho anapokea hata imbwa ya batu bote. Ni Docteur Annie. Tata Mudogo, umupelekeko. Usimupe dawa ya majani. Usimufinye tumbo.

Niliota Batasema anaogelea mu Lualaba, na nyuma yake mayi ilikuwa inajaa bichwa kidogo kidogo, na kila kichwa ilikuwa na shingo ya Katapila. Alikuwa anazama na ananitazama bila kulia.

Nakuomba sawa vile ningemuomba baba.
Wivine


Dilala, tarehe 28 mwezi wa saba

Kwako Wivine,

Furahi. Ni munane.

Nilijua mi wa kwanza. Tumbo imekuwa mviringo, maziwa yake imejaa, jana nilimuona anajilamba na tone nyeupe ikatoka. Bukari anaigeuzia uso. Alichimba chini ya kitanda yangu shimo ya kulalia, akapasua gazeti, akapasua mukeka ya Tantine wako, akatengeneza nyumba. Nilitia sikio yangu ku tumbo. Nilisikia munane. Balikuwa wanazungumuza sauti ya chini sawa batu mu kanisa mbele padri hajaingia. Mumoja anakohoa kidogo.

Daktari wa nini? Mi nilizalisha punda ya Mubelgiji mu mvua, tochi mu meno. Tayari nimegawa: mbili ya chef wa quartier (mukubwa wa mutaa), moja ya pasteri, moja ya mwalimu, moja ya mama anauza mikate, mbili ya jirani juu ni damu yake. Wa munane, ule wa kukohoa, ni wako. Batu wanapita kunisalimia. Wanasema: Tata Tshilombo, nyumba yako ina baraka. Tangu Tantine wako aliingia mu hii nyumba, miaka makumi mbili, hakuna mutu aliwahi kutuambia ile neno.

Saa munane ya mchana, jua ikiwa juu ya mabati, ninalala juu ya kitanda na yeye chini. Makamio yanapita mbali, nyumba inatetemeka kidogo sawa mutu anayebembeleza. Ninasikia anapumua. Anakumbatia kitu moja ya mu nyumba, aliibeba na meno mpaka mule, anailamba, anaizunguka. Ukikaribia ananguruma. Mimi ananinguruma, mi ninayemulisha. Namuacha. Sijui ni usingizi yake ao yangu, lakini muzuri sana, Wivine, usiniamushe.

TSHILOMBO


Kasaji, tarehe 4 mwezi wa munane

Tata Mudogo,

Ninafurahi na furaha yenu, na Tantine nimemukumbuka sana pale pa ile neno. Lakini naandika nikilia.

Bakati ya kupasuliwa mapema imepita. Tuko na siku kumi na tatu. Batoto munane ya Katapila mu tumbo ya imbwa yenye urefu wa kiti. Kama siku ikifika na wa kwanza akikwama, sikio haitamutosha, na punda ya Mubelgiji haitamusaidia. Daktari akijua mbele ni wangapi na ni wanene namna gani, anaweza kuwa tayari kumupasua ile siku. Nakuomba mbele ya tarehe 17, hapana nyuma.

Kama siku ya posho hii hamukuenda, nitapanda train. Mama amekubali. Sitakuya kugombana na baba yangu, nitakuya kuchukua kamba.

Na hukusema: anakumbatia kitu gani?

Wivine Mujinga, binti ya Ntambwe


Dilala, tarehe 11 mwezi wa munane

Wivine,

Usipande train. Tulienda jana.

Hakuna batoto. Hakuna hata mumoja. Tumbo iko mutupu, nilionyeshwa.

Hatakufwa. Nitaandika tena, leo mukono hautaki.

Tshilombo


Kasaji, tarehe 15 mwezi wa munane

Tata Mudogo,

Nilisoma barua yako mara tatu nikitafuta pale unapojisifu, sikupata, nikaogopa zaidi. Mama alisema asema nikuache upumuzike. Hatakufwa, hiyo imetosha kunilalisha.

Lakini uniambie. Na ile kitu ni nini?

Wivine


Dilala, tarehe 25 mwezi wa munane

Kwako Wivine, mutoto wa yaya yangu,

Nitasema byote vile bilikuwa.

Ile siku ya posho nilimufunga Batasema na kipande ya kitenge ya Tantine wako, tukapanda pikipiki, yeye katikati yangu na chauffeur. Pa mulango ya daktari kulikuwa ba-imbwa ya ulinzi, wanene, mikanda mu kinywa, na balinzi wa uniforme. Batasema aliketi sawa mama mwenye mimba pa hospitali, anatazama mbele. Mulinzi mumoja aliniuliza: "Tata, hii inalinda nini?" Nilijibu: "Inalinda nyumba yangu isichekwe." Sijui juu ya nini nilisema vile.

Docteur Annie ni mwanamuke kidogo, mikono ya baridi. Alimupaka mayi nzito ku tumbo, akapitisha mashini, akanigeuzia televizio. Nilitazama. Ilikuwa sawa mayi ya Nzilo saa ya ukungu, kijivu, inasukuma pole pole, hakuna kitu inapita. Nilimuambia: "Mama, tafuta tena, ni munane, nilisikia." Alitafuta tena, ana roho muzuri. Halafu aliniomba nikae.

Alisema asema inafika kwa imbwa mingi. Damu inapita, juma sita ao munane inapita, na mwili unajidanganya wenyewe kama ulibeba. Tumbo inapanda, maziwa inakuya, anachimba nyumba. Hasemi uongo, alisema, anaamini kabisa. Anatafuta kitu moja na anaifanya mutoto. Ile sauti nilisikia ilikuwa tumbo yake ya kila siku inasaga bukari. Dawa ni kuacha. Tusimukamue, tusimupanguse maziwa, juu kila mukono inayogusa inaita ingine. Kumutembeza sana, kumuchezesha. Maziwa ikigeuka moto ao ngumu sawa jiwe, turudi upesi. Mwezi wa kumi, byote ikikauka, atamupasua asibebe mimba wala ndoto ya mimba tena, na Katapila aweze kunywa mayi fasi anataka. Halafu alisema: "Na ile kitu anakumbatia, muiondoe mu nyumba."

Hapo njo palikuwa kazi. Nilirudi nikalala kifua chini mbele ya kitanda. Alikuwa ameizunguka, ameweka kidevu juu yake. Alinitazama. Hakunguruma ile siku. Siku mbili nilishindwa kunyoosha mukono, mutu wa kutazama mayi mpaka ipate haya.

Wivine, ni botini. Botini ya kushoto.

Hapana yangu. Mi sikushuka chini ya bulongo hata siku moja. Miaka kumi na ine nilipika maharagi mu kantini juu, na baba yako njo alikuwa anashuka. Kila jioni alikuwa anapitia ku dirisha yangu na hizi botini, nilikuwa ninamuongezea kijiko. Siku ya kugawa, bakubwa baliniuliza: Tshilombo, unataka nini ya yaya yako? Redio ilikuwa pale, koti ilikuwa pale. Nilisema botini. Nilizileta ku nyumba nikaziweka pa mulango. Mugeni wa kwanza aliuliza: ni zako? Nilitaka kusema hapana. Nilisikia kinywa yangu inasema: miaka kumi na ine. Mwili ulijidanganya wenyewe. Nyuma yake niliamini kabisa, kila siku nilikuwa ninazipanguza, na kila mutu aliyezisifu maziwa ilikuwa inajaa tena.

Ba-imbwa hawadanganyiki na harufu. Yeye alijua ni ya nani. Alipokuwa wa kulala mu kiganja, alikuwa analala mule ndani, baba yako alikuwa ananiambia pa dirisha: asubui ninaimwaga imbwa mbele ya kuvaa kiatu.

Siku ya tatu, Tantine wako alikuya akakaa chini karibu na mi. Alisema: "Tshilombo, we ondoa, mi nitamushika." Alimukumbatia shingo, akamuimbia ile anaimba akikoboa muhogo. Nilinyoosha mukono nikavuta. Batasema alilia kidogo, mara moja, sawa mulango. Juma nzima alikuwa anazunguka pale. Tulimutembeza mpaka ku njia ya reli, asubui na saa kumi, mi na Tantine wako, batu wakituona sisi watatu mu vumbi. Maziwa ilikauka juzi. Leo alikula bukari yangu na akaiba samaki.

Botini mbili ziko mu gunia ya Mama Mbelu, nimezifunga kamba. Sikuzipanguza. Ya kushoto ina alama ya meno ku ulimi. Nisamehe ile, na ile ingine.

Batu wanauliza batoto wako wapi. Chef wa quartier alikuya yeye mwenyewe jana. Nilimuambia nilisikia mubaya. Alishangaa sana, alinishika paji ya uso kama nina homa.

Tata Mudogo wako,
Tshilombo, mupishi


Kasaji, tarehe 1 mwezi wa tisa

Tata Mudogo,

Zilifika. Mama alifungua kamba na meno, juu mukasi ulikuwa karibu na hakuuona. Alitia mukono ndani ya ile ya kushoto, akautoa na manyoya kidogo ya Batasema, nyekundu. Alikaa pa kizingiti mpaka kivuli ya nyumba ikamufikia miguu.

Asubui yake nilimutafuta mu nyumba, hayuko. Alikuwa ameenda ku shamba, na alikuwa amezivaa. Aliingiza bitambaa mbele juu mguu wake ni kidogo. Tangu ile siku anazivaa kila siku, na jioni anazigonga pa ukuta, bulongo inaanguka, mara mbili kushoto, mara mbili kuume, vile baba alikuwa anagonga.

Sina kitu ya kusamehe. Ningejua ni we ulizichukua, ningelala muzuri hii miezi yote. Nilikuwa nafikiri ziliuzwa.

Mwezi wa kumi, mukirudi kwa Docteur Annie, Tantine amushike tena shingo, amuimbie. Kisha ushike kalamu uniandikie, na ujisifu kidogo, barua yako ya mwisho ilikuwa na baridi.

Na chef wa quartier akirudi, usimuambie ulisikia mubaya. Umuambie Batasema alizaa mbili. Balifanana sana, mumoja wa kushoto, mumoja wa kuume. Muliwatuma Kasaji mu gunia ya maharagi. Wanakua muzuri, na kila asubui wanatembea mpaka ku shamba na kurudi.

Wivine